Kukaza nati hakuponyi beringi

Hapa Kigoma, kuanzia vijiwe vya Mwanga hadi Ujiji, tairi la nyuma la bodaboda likianza kucheza utasikia: "Kaza nati ya ekseli, litatulia." Wengi wanaamini hivyo, na ni hatari.

Ile nati inabana ekseli (chuma kinachopita katikati ya tairi), vikombe vya ndani vya beringi (pete zenye gololi zinazoliwezesha tairi kuzunguka) na kibomba kinachokaa kati ya beringi hizo. Haifiki kwenye gololi. Gololi zikishalika, mwanya uliopo kati yake na vikombe hauzibwi na spana. Na kama fundi aliwahi kusahau kile kibomba, ukizidi kukaza unazibana beringi kwa ubavu, zinakufa upesi zaidi.

Pima hivi: simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika tairi juu na chini, lisukume kushoto na kulia. Likigonga, tazama kwanza kama ni busha (vikombe vya maungio) za mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika tairi. Mkono wenyewe ukitulia na tairi likacheza, shaka iko kwenye beringi. Chomoa tairi, zungusha kila beringi kwa kidole. Ikikwaruza au kukwama, badilisha.

Usisahau beringi ya upande wa sproketi (gia ya mnyororo), pikipiki nyingi zinayo, na ndiyo huachwa. Nunua kwa namba iliyochongwa kwenye beringi ya zamani, mfano 6202. Unapogonga mpya, gonga kikombe cha nje tu. Ukigonga cha ndani umeshaiharibu kabla haijatembea. Sili iliyochanika nayo ibadilishwe, maana vumbi letu jekundu hupitia hapo.