Kinanda cha mdomo na afya ya kifua: maswali na majibu

Je, kinanda cha mdomo (harmonika) kinaweza kuniletea ugonjwa?

Kikiwa kisafi na kikavu, usiogope. Ila filimbi hupulizwa tu, ilhali kinanda cha mdomo hupulizwa na kuvutwa. Cha kawaida kina matundu 10 na vilimi 20 vya shaba, yaani vibamba vyembamba vinavyotoa sauti: 10 hulia pumzi ikitoka, 10 ikiingia. Kwa hiyo ukungu ukiota ndani, unauvuta hadi kwenye mapafu.

Yupo aliyewahi kuugua?

Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 61 aliyepiga zumari la mfuko la Kiskoti kila siku. Alikohoa na kuishiwa pumzi kwa miaka. Alipokaa Australia miezi 3 bila zumari lake, alipata nafuu. Aliporudi kulipiga, hali ikazidi kuwa mbaya, na hatimaye akafariki. Lilipopimwa, lilikutwa na kuvu za aina kadhaa. Zumari si kinanda cha mdomo, na ugonjwa huo ni nadra. Lakini unyevu wa pumzi ni uleule.

Nikitunze vipi?

Sukutua kinywa kabla ya kupiga, hasa ukiwa umetoka kunywa soda au chai ya sukari. Ukimaliza, elekeza matundu chini, kigonge taratibu kwenye kiganja mate yatoke, ukifute, kisha kiache wazi kikauke. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunakifungia kwenye kasha kingali kibichi. Chenye kiunzi cha mbao usikitie majini, kitavimba. Klorini nayo usikisafishie, inakula shaba.

Darasa letu lina melodika moja, kinanda kidogo cha vibonyezo kinachopulizwa kwa mdomo. Watoto wapokezane?

Wapokezane melodika, wasipokezane mdomo wake. Kila mtoto awe na kipande chake cha kupulizia, na hili halina mjadala: mate hubeba mafua na malengelenge ya midomo. Kioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kikaushwe. Maji yaliyobaki ndani hutolewa kwa kubonyeza kitufe cha nyuma huku ukipuliza. Kinanda cha mdomo hakina kipande cha kubandua, basi kisiazimwe kabisa. Anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu.

Nina pumu. Nipige?

Unaweza, lakini dawa zako usiache. Ukisikia kizunguzungu, pumzika. Kifua kikikubana kila baada ya kupiga, kinanda kiweke kando, na ukienda kwa daktari mtajie kinanda hicho. Asipojua unakipiga, hatakifikiria.