Kabla ya Kusema Mbolea ni Feki, Udongo Wako Umepimwa?

Malalamiko yanayotufikia maabara kutoka Nyanda za Juu Kusini yanafanana: mkulima amepandia DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi), mahindi yamedumaa na majani yamegeuka zambarau, basi mbolea ni feki. Mbolea feki zipo, hatukatai. Lakini mara nyingi mbolea ni nzima, chenye tatizo ni udongo.

Zambarau hiyo kwa kawaida ni dalili ya njaa ya fosforasi. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 23 za fosfeti, ambayo ndiyo hubeba fosforasi. Kwenye udongo wenye tindikali, hasa pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi) ikiwa chini ya 5.5, alumini na chuma huishika fosforasi hiyo na mzizi hauipati. Ukiongeza mfuko wa pili bila chokaa ya kupunguza tindikali, unazidi kulisha udongo, mahindi yanabaki na njaa. Tena mbolea za amonia kama DAP zenyewe huongeza tindikali mwaka hadi mwaka. Kwenye udongo wa namna hiyo, fosfeti ya Minjingu (mbolea ya mwamba uliosagwa) huyeyuka vizuri kuliko kwenye udongo wa magadi. Na zambarau ya mahindi machanga wakati wa baridi huweza kuisha yenyewe.

Kuonja mbolea kwa ulimi si kupima. Tafadhali tuliache hilo.

Sampuli ichukuliwe hivi: tembea zigizaga, chimba sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, ukikwepa kichuguu, njia, zizi la zamani na palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, punguza hadi ibaki nusu kilo, anika kivulini. Mteremko na bonde ni sampuli mbili, hata kama shamba ni la mtu mmoja. Andika jina, kijiji, zao na mbolea uliyotumia msimu uliopita. Juzi tumefungua sampuli tukakuta punje za mbolea zimenasa kwenye mshono: udongo uliletwa ndani ya kiroba kilichokuwa na mbolea. Majibu yake yangeonyesha fosforasi tele kwenye shamba lenye njaa, kwa hiyo tuliirudisha. Mkulima alikuwa amesafiri nayo kwa basi, na ilituuma.

Ukishuku mbolea, usiimwage yote. Tunza mfuko wenye lebo pamoja na risiti, kisha toa taarifa kwa afisa ugani au Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Mkaguzi huchukua sampuli kwenye mbolea iliyobaki. Ikiwa imeshaisha shambani, hana cha kupeleka maabara. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inakataza kuuza mbolea isiyosajiliwa au kuuza bila leseni, na anayetiwa hatiani hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Lakini kumtangaza muuzaji kijijini kabla ya kipimo kunaweza kumharibia mtu asiye na kosa.

Chokaa huhitaji muda na unyevu ili ifanye kazi. Leteni sampuli mara tu mkishavuna, Julai au Agosti. Novemba mvua zikishaanza, majibu yatawakuta mbegu iko ardhini.