Eti vita ndivyo vilivyomlaza barazani

Hapa Moshi, jirani na stendi, kuna mzee mwanajeshi mstaafu anayelala barazani mwa duka. Kila alfajiri hukunja blanketi lake kona kwa kona, kama anayesubiri kukaguliwa. Wapita njia wanasema vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda, ndivyo vilivyomharibu. Juzi nilimsalimia, nikamuuliza kama alivuka mpaka mwaka 1979.

"Marahaba. Mimi nilikuwa stoo, mjukuu wangu. Risasi nilizihesabu tu."

Kilichomtoa nyumbani ni gongo, ndoa ikafuata kuvunjika. Kisa chake hakiko mbali na yale waliyoyaona watafiti wa Marekani, ambako suala la askari wa zamani kukosa makazi limechunguzwa kwa miaka mingi. Kinachotangulia huko ni ulevi, dawa za kulevya na maradhi ya akili, kisha umaskini na upweke. Jinamizi la vita lipo na linaumiza, lakini kwa kumfikisha mtu mtaani halizidi sonona na maradhi mengine ya akili.

Dhana ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: askari ana pensheni, akilala nje kaitapanya mwenyewe. Huko Marekani pensheni ya kawaida ya jeshi hudai utumishi wa miaka 20, na wengi hutoka mapema zaidi. Aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu anaweza kunyimwa mafao mengi, hata matibabu, na huyo mara nyingi ndiye mgonjwa. Halafu kuna ile siku ya kutoka yenyewe. Kambini chumba kipo, chakula kipo, wenzako wapo. Vyote vinakatika kwa pamoja. "Nilirudisha godoro," mzee aliniambia, "nikasimama getini sijui nishike njia ipi."

Wanawake husahaulika kabisa, ingawa kubakwa au kunyanyaswa kijinsia jeshini ni miongoni mwa mambo yanayowasukuma mtaani.

Wengine husema hao wamezoea kulala nje, hawasaidiki. Mwaka 2010 Marekani ilihesabu zaidi ya wastaafu wa jeshi 74,000 wasio na makazi. Januari 2024 walikuwa 32,882. Katikati hapo serikali iliwalipia wengi sehemu ya kodi ya nyumba na kuwapa maofisa ustawi wa kuwafuatilia, bila kumtaka mtu aache pombe kwanza ndipo apewe ufunguo.

Mzee hakuniomba hela ya chakula. Aliniuliza kama wenye nyumba wa mtaa wa Pasua bado wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.