Je, wajua kwa nini tumbaku ileile humlaza mmoja na kumwacha mwingine?

Asubuhi ya kuchuma tumbaku kule Urambo, Tabora, majani huwa yamelowa umande. Chukua ndugu wawili walioingia shambani pamoja: majani kwapani, mashati chapachapa, vidole vyeusi kwa utomvu unaonata. Kufika mchana mdogo anatapika, kichwa kinamzunguka. Kaka yake yuko banini, kwenye banda la kukaushia tumbaku, anapanga majani kama kawaida.

Kilichomlaza ni nikotini. Huyeyuka kwenye umande, ikapenya ngozi hadi kwenye damu. Ini ndilo huivunja, hasa kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2A6, ambacho wengine huzaliwa nacho kikiwa chepesi na wengine kizito. Kwa wastani nusu ya nikotini huondoka kwenye damu baada ya saa 2 hivi, ila shambani hakuna anayeitwa Wastani. Na kama kaka ni mvutaji, mwili wake umeshaizoea.

Wanaopima hatari za kemikali huuchora mwili kwa hesabu: ngozi, damu, ini, figo, mafuta, kila kimoja ni chumba chenye pa kuingilia na pa kutokea. Kazi ngumu ni kujua namba za kila mlango, na hapo mambo mawili huchanganywa, jambo ambalo naliona la hatari. La kwanza ni tofauti halisi: hao ndugu hata ukiwapima mara 1,000 hawatalingana. La pili ni kutojua. Kama kasi ya kupenya ngozini ilipimwa kwa watu wachache tu, namba hiyo ni ya kubahatisha, na hii kupima zaidi kunaisaidia.

Basi kompyuta hubuni maelfu ya watu, kila mmoja na ini lake na uzito wake, ikatazama walio mkiani, yaani wale wachache ambao damu yao hubeba kemikali nyingi kuliko wengine. Kisha hurudia yote kwa namba nyingine za yale yasiyojulikana, kuona mkia unasogea kiasi gani. Njia hii huitwa Monte Carlo.

Zamani ilikuwa kugawa tu. Mwaka 1954 wanasayansi Lehman na Fitzhugh wa Marekani walipendekeza kwamba, ili kupata kiwango salama kwa binadamu, kiwango kisichodhuru wanyama kigawanywe kwa 100, ambayo baadaye ilielezwa kuwa 10 kwa tofauti ya mnyama na binadamu, na 10 kwa tofauti ya mtu na mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unaigawa hiyo 10 ya watu kuwa 3.16 mara 3.16: moja ni ya jinsi mwili unavyoishughulikia kemikali, nyingine ni ya jinsi kemikali inavyoushughulikia mwili. Hesabu ikionyesha kwamba damu ya walio mkiani hubeba kemikali mara 5 ya mtu wa kati, ile 3.16 ya kwanza hufutwa, ikaandikwa 5.