Maziwa hayasafishi moshi wa dizeli kifuani

Naomba hili tulimalize leo. Maziwa hayatoi moshi wa dizeli kifuani. Si maziwa fresh, si mtindi, si ya pakiti. Wiki hii nimelisikia tena kwenye gereji moja Igoma, hapa Mwanza, na aliyelisema ni mwenye gereji mwenyewe. Kila jioni anawanunulia vijana wake maziwa kwa moyo safi kabisa, akiamini amewakinga.

Njia ya chakula na njia ya hewa zinaachana kooni. Maziwa yanashuka tumboni na kumeng'enywa. Tone moja likikosea njia kuelekea kwenye mapafu, utakohoa mpaka machozi yatoke. Kwamba koo linalainika, ni kweli, na hapo ndipo imani hii inapopata nguvu: mtu akisikia nafuu kooni, anadhani na kifua kimeoshwa.

Kisha linafuata lile linalonichosha zaidi: "Dokta, mbona nikipenga kamasi yanatoka masizi? Si uchafu unatoka huo?" Unatoka, ndiyo, lakini ni ule mkubwa ulionaswa puani. Ukizihesabu moja moja, chembe nyingi za moshi wa dizeli hazifiki hata mikroni 0.1 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa kichwani una unene wa kama mikroni 70. Chembe hizo zinapita puani, zinapita koromeo, zinatua kwenye vifuko vya hewa. Seli za ulinzi zinazimeza na kushindwa kuziyeyusha, kwa sababu masizi ni kaboni, na juu yake zimeganda kemikali za mafuta yasiyoungua vizuri. Kwa hiyo kamasi likiwa safi halithibitishi chochote, na ekzosi isiyotoa moshi mweusi haithibitishi chochote pia.

Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli Kundi la 1, pamoja na tumbaku. Ushahidi mzito ulitoka kwa wachimba madini wa Marekani waliofanya kazi na mashine za dizeli chini ya ardhi. Lakini tuelewane: kundi hilo linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukali wa hatari. Fundi anayevuta sigara asiniambie vyote ni sawa tu, sigara bado inaua zaidi. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo ndiye anayeumia mapema, wakati mwingine siku hiyo hiyo.

Kuna jambo linaninyima raha. Sina kipimo cha damu wala eksirei ya kuniambia kifua hiki kimeharibiwa na dizeli. Mgonjwa huyo huyo anavuta sigara, nyumbani wanapikia mkaa, mkewe anabanika samaki. Ninapoandika chanzo kwenye faili, naandika kwa kuangalia kazi anayofanya, na ninajua fidia yake inaweza kutegemea maneno hayo.

Kinga ni kupunguza kinachoingia. Mashine nyingi za kusaga visiwani, Ukerewe kwa mfano, zina ekzosi inayoishia ndani, chini ya bati. Ukuta wa nyuma ni mweusi tii, na kina mama wanasubiri unga humo humo, watoto mgongoni. Kiwiko cha bomba na kipande cha bomba vikichomelewa kwenye ekzosi, moshi unatokea juu ya paa. Gereji ni hivyo hivyo: injini isiyo na sababu ya kuwaka izimwe, inayopimwa isukumwe nje. Barakoa ya hospitali haikingi vya kutosha hapa, gesi inapenya na chembe zinaingilia pembeni. Madereva wa mabasi pale Nyegezi, basi likiwa halijajaa abiria, zimeni injini.

Na mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili aje apimwe kifua kikuu kwanza, ni bure. Wapo mafundi waliolaumu moshi miezi mingi, kumbe ni TB, na nyumbani wameshaambukiza watoto.