Breki za modeli mpya kwenye gari la zamani: kwa nini kampuni hukataa

Hapa kwenye kazi yangu ya ufundi, Industrial Area, Nairobi, wenye Toyota Probox huniletea swali lile lile. Modeli iliyofuata ina breki bora kuliko yangu, mbona kampuni isinifungie na mimi? Wengine huuliza kwa hasira, kama waliopunjwa.

Msimamo wa watengenezaji karibu wote ni mmoja: kasoro ni kitu kimoja, uboreshaji ni kingine. Kasoro ya usalama ikithibitishwa, magari huitwa yarudishwe na kutengenezwa bure. Uboreshaji huanzia kwa magari yanayotoka kiwandani siku hiyo. Lako lilipita vipimo vya mwaka wake, basi.

Ubahili upo, sikatai, ila kuna sababu ya kiufundi pia. Chukua kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, yenye pistoni pana uifunge kwenye gari dogo. Masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, ni ile ile, na sasa inatakiwa kusukuma mafuta mengi zaidi, kwa hiyo pedali inazama kabla breki hazijashika. Diski kubwa nayo huenda isienee ndani ya rimu ya inchi 14. Tena ukiongeza nguvu mbele pekee, mgawanyo wa mbele na nyuma uliopangwa kiwandani umevurugika, na kompyuta ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, inapigia hesabu breki ambazo hazipo tena. Kampuni ikiidhinisha hayo itabidi ipime upya kila modeli ya zamani, na lawama iwe yake gari likiacha barabara.

Kinachonikera mimi ni kwamba anayeamua kwanza kipi ni kasoro ni kampuni yenyewe. Angalia Prius ya 2010, gari la Toyota la petroli na umeme. Madereva walilalamika kwamba wakikanyaga breki kwenye barabara mbovu au yenye utelezi, gari linaachia kidogo ndipo lishike. Chanzo kilikuwa programu ya ABS, pale kazi inapohamishwa kutoka breki za mota (mota ya umeme ikipunguza mwendo) kwenda breki za mafuta. Januari mwaka huo Toyota ilikuwa tayari imeibadilisha programu hiyo kwenye magari mapya, huku yaliyokwisha kuuzwa yakiachwa yalivyo. Kelele zikapanda, na tarehe 9 Februari ikatangaza kuyaita magari kama 437,000 duniani. Programu ni ile ile, gari ni lile lile. Kilichobadilika ndani ya wiki chache ni jina la tatizo.

Ukinunua mtumba kutoka Japani, usidhani mwenye gari wa kwanza aliitikia mwito. Toyota ina ukurasa wa Kijapani ambapo unaingiza namba ya chesisi na kuona kama kuna kazi iliyobaki. Simu yako itakutafsiria. Kisha muulize mwakilishi wa kampuni hapa Nairobi kama ataifanya.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ni namba ya spea. Kwa Toyota, pedi za mbele huanza na 04465 na diski za mbele 43512, kisha hufuata tarakimu au herufi tano zinazotofautisha. Kampuni ikiboresha pedi, mara nyingi namba ya zamani hufutwa na mpya ikachukua nafasi yake kwenye katalogi. Ukiagiza ya zamani unapewa mpya, bila tangazo lolote. Kwa hiyo kabla ya kulipa kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye katalogi kama namba yako imebadilishwa. Ila usigeuze: mpya ikikubali gari la zamani, haina maana kwamba ya zamani inakubali gari jipya.

Na kama breki zako zinaweza kufunga magurudumu kwenye lami kavu, au kuiamsha ABS, diski kubwa haitafupisha umbali wa kusimama. Hapo kinachokosekana ni mshiko wa tairi. Diski kubwa husaidia joto likizidi, kama kwenye mteremko wa Mai Mahiu ukiwa na mzigo. Hata huko, anza na mafuta ya breki: ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedali inakuwa laini na gari halisikii breki. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni kazi ya muda mfupi, na gharama yake haikaribii ya kalipa.

Anayetaka diski za nyuma kwa sababu ya muonekano tu, mimi humwelekeza kwa fundi mwingine.