Seva Haikupangii Kushindwa

Wiki hii nimeulizwa tena swali ambalo kwa kweli ni shutuma: kwamba mchezaji wa mchezo wa simu akishinda mechi nne au tano mfululizo, seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, humtafutia kwa makusudi mpinzani wa kumshusha, ili ushindi wake urudi kwenye asilimia 50. Kazi yangu ni kuandika sehemu hiyo hiyo ya seva, ile inayowapokea wachezaji walio kwenye foleni na kuwakutanisha wawili wawili, na imani hii imenifikia mara nyingi kiasi kwamba sioni sababu ya kuendelea kuijibu kwa mdomo.

Mambo ya msingi nitayapita haraka. Kila mchezaji ana alama ya uwezo iliyofichwa, ambayo si vikombe wala nyota anazoziona kwenye simu yake. Hesabu yake imetoka kwenye sataranji. Aliyeibuni ni Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee nchini Marekani. Shirikisho la sataranji la huko liliipokea mwaka 1960 na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Kwa hesabu hiyo, anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya pointi, na anayemzidi kwa 400 kama asilimia 91. Ukimshinda aliyekuzidi unapata alama nyingi, ukimshinda mnyonge unaambulia kidogo. Baadaye mtaalamu wa takwimu Mark Glickman aliongeza kipimo cha ni kwa kiasi gani mfumo una hakika na alama yako, na Microsoft wakaunda hesabu yao iitwayo TrueSkill, inayomudu pia mechi za timu. Michezo mingi ya simu hutumia hesabu za ukoo huu.

Sasa hiyo asilimia 50. Mchezaji ambaye alama yake iko chini ya uwezo wake halisi hupangiwa watu anaowazidi, kwa hiyo hushinda zaidi ya nusu, alama hupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo wapinzani wanavyozidi kuwa wagumu, mpaka afike mahali ambapo kila anayekutana naye ni wa kiasi chake. Akifika hapo atashinda nusu na kupoteza nusu. Katika programu niliyoandika hakuna mstari unaosema mchezaji arudishwe kwenye nusu, wala hauhitajiki. Nusu huja yenyewe ukikutanishwa na mtu unayelingana naye, na ili wewe ushinde asilimia 70 siku zote, lazima wawepo watu wanaokubali kupigwa nawe siku zote. Kinachonichosha ni kwamba wanaolalamikia nusu hiyo ndio hao hao wanaodai mechi za haki.

Hapo huja hoja ya pili: mbona basi nilipoteza mara tano mfululizo? Rusha sarafu isiyo na hila mara 100. Uwezekano kwamba upande uliouchagua utatoka mara tano mfululizo, angalau mahali pamoja, ni kama asilimia 81. Kwa mara sita ni kama asilimia 55, na kwa mara saba bado ni kama asilimia 32. Anayecheza mechi 100 kwa mwezi ategemee kipindi kama hicho karibu kila mwezi, bila mtu yeyote kumpangia.

Hata hivyo mchezaji si sarafu, na hapa ndipo hesabu zetu zinapopwaya. Aliyepoteza mara tatu akakasirika hubonyeza "Cheza" kabla hata matokeo hayajafunguka vizuri, huitoa kadi yake kali katika sekunde za mwanzo, na huacha kumsubiri mpinzani akosee. Uwezo wake wa dakika ile umeshuka, lakini alama yake imesogea kidogo tu, kwa kuwa mfumo unachukulia kwamba uwezo wa mtu hubadilika taratibu. Kwa hiyo anapangiwa mtu anayelingana naye alivyo siku zote, wala si alivyo sasa. Dawa ya tatizo hili sina. Ukiharakisha alama kushuka, unafungua mlango kwa wanaopoteza makusudi ili wakawapige wanyonge.

Jambo ambalo wachezaji wa kwetu wangepaswa kulishuku zaidi ni foleni. Ombi lako huingia likiwa na alama yako na muda wa data kwenda na kurudi kwenye kila seva. Mwanzo hutafutwa mtu aliye ndani ya alama chache, kisha kadiri sekunde zinavyopita wigo hupanuliwa, kwa sababu watu hawapendi kusubiri. Saa mbili usiku Dar es Salaam foleni imejaa. Saa tisa usiku imebaki tupu, na atakayepatikana huenda amekuzidi mbali. Tena kuna umbali. Data husafirishwa kama mwanga, na mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Frankfurt iko karibu kilomita 7,000 kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama waya ungenyooka, nao haunyooki, bali huzunguka baharini. Ukiwatenga wachezaji kwa umbali, foleni inakuwa fupi mno. Ukiwachanganya, mwenye mtandao wa mbali anaonewa. Kila usiku mfumo huchagua mojawapo ya maovu haya mawili.

Je, naweza kuapa kwamba hakuna kampuni inayochezea mechi kwa faida yake? Siwezi. Mwaka 2017 kampuni ya michezo ya Activision ilipewa Marekani hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mfumo wa kupanga mechi kwa namna ya kumshawishi mchezaji anunue vitu, ingawa ilisema haujatumika katika mchezo wowote. Mwaka huo huo watafiti wa Electronic Arts, kampuni nyingine ya michezo, walichapisha njia ya kupanga mechi kwa lengo la kumzuia mchezaji asiache kucheza. Shutuma, basi, ina mahali ilipoanzia, na anayeicheka hajasoma.

Lakini inaweza kupimwa. Kabla ya kila mechi seva yangu hukadiria nani ana nafasi gani ya kushinda. Kati ya mechi zote ambazo mchezaji alikadiriwa asilimia 60, je, wachezaji hao walishinda kama 60 kati ya kila 100? Makadirio hayo yangeonyeshwa kwenye simu baada ya kila mechi, pamoja na sekunde zilizotumika kumtafuta mpinzani, kila mchezaji angejihesabia mwenyewe. Hoja ninayopewa kazini ni kwamba watu wangeanza kuyakwepa mashindano yenye makadirio mabaya. Sioni ina nguvu gani, maana nambari hizo zingetoka mechi ikiwa imekwisha.